Asilimia 96 ya watu 22

Makala tunayoihakiki safari hii ni fupi. Ilitoka mwaka 2015 kwenye jarida la European Journal of Nuclear Medicine and Molecular Imaging, na mwandishi wake wa kwanza ni Norbert Galldiks wa Ujerumani. Inahusu kipimo cha tiba ya nyuklia kinachoitwa FET PET, na swali lake ni moja tu: mgonjwa wa saratani ya ubongo amemaliza mionzi juzijuzi, picha ya MRI inaonyesha uvimbe umekua. Je, umekua kweli? Jibu lao ni kwamba PET inaweza kutofautisha ukuaji wa kweli na wa bandia, kwa usahihi wa asilimia 96.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni makala nzuri, na nalisema hilo mapema kabla sijaanza kuichokonoa. Ya pili, huku Kilindoni niliko kwa sasa, ukishajulikana kwamba unasomea fizikia ya tiba basi wewe ni daktari, upende usipende. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mashine. Dar si kumeletwa mashine za kisasa? Basi mtu akipimwa itajulikana moja kwa moja kama ugonjwa umerudi, au siyo? Mimi nagombana na hayo maneno "moja kwa moja", na makala hii inanipa pa kushikia.

Tuchukue mgonjwa wa kubuni, mvuvi wa Jibondo, miaka hamsini na kitu. Kichwa kimemuuma miezi, halafu kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho. Mafia hakuna MRI, kwa hiyo safari ni ile tunayoijua: mashua hadi Kilindoni, kivuko cha MV Kilindoni hadi Nyamisati, gari hadi Mbagala, kisha Muhimbili. Taasisi ya MOI wanamfungua kichwa, wanatoa kinachotoleka, maabara inasema glioblastoma. Hiyo ndiyo saratani kali zaidi kati ya zile zinazoanzia kwenye ubongo wenyewe. Anapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi. Utaratibu unaotumika karibu dunia nzima ulitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2005: grei 60 za mionzi zilizogawanywa mara 30, siku za kazi tu, yaani wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Katika utafiti ule, nusu ya waliopata mionzi peke yake walikuwa wamefariki ifikapo miezi 12.1, na waliopata mionzi na vidonge ikawa miezi 14.6. Namba hizo msomaji azikumbuke. Tukizungumzia "kusubiri wiki nane tuone", tunazungumzia wiki nane za mtu mwenye akiba ya miezi.

Mgonjwa wetu anamaliza wiki sita akiwa kwa shemeji yake Mbagala, anarudi kisiwani, na baada ya miezi miwili anaitwa kwa MRI ya kuangalia maendeleo. Picha inaonyesha eneo linalong'aa ni kubwa kuliko lilivyokuwa.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. MRI ya aina hii haioni saratani. Kabla ya picha mgonjwa huchomwa dawa yenye gadolini, na katika ubongo wenye afya dawa hiyo haipiti kutoka kwenye damu kuingia kwenye tishu, maana mishipa ya damu ya ubongo imezibwa vizuri kuliko ya mahali pengine popote mwilini. Uvimbe ukiharibu kizuizi hicho, dawa inavuja na pale panang'aa. Kwa hiyo kinachoonekana ni mvujo. Na mionzi nayo huvujisha. Wiki na miezi baada ya tiba, tishu zilizopigwa mionzi huvimba, seli za kinga hujaa, mishipa hulegea, na picha hutoka ileile kabisa kama ya uvimbe uliokua. Kisha mambo hutulia yenyewe bila mtu kubadilisha dawa. Huo ndio ukuaji bandia. Machapisho mengi yanautaja kwa asilimia 20 hadi 30 ya wanaopata mionzi pamoja na temozolomaidi, na sehemu kubwa hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kuna ndugu yake anayekuja baadaye, miezi sita hadi miaka kadhaa, ambapo tishu zinakufa kabisa kwa sababu ya mionzi. Huyo ni mkorofi zaidi, maana haondoki haraka.

Tatizo hili si geni. Mwaka 2010 kikundi cha kimataifa cha wataalamu kinachojulikana kama RANO kiliweka kanuni kwamba ndani ya wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi usitangaze kwamba ugonjwa umeendelea, isipokuwa kama pamezuka eneo jipya linalong'aa nje ya sehemu iliyopigwa mionzi, au umekata kinyama na maabara imethibitisha. Ni kanuni ya busara, lakini inamwacha mgonjwa wetu njia panda. Ukisema umerudi kumbe haujarudi, unasimamisha dawa inayofanya kazi, au unamfungua kichwa mara ya pili ukute tishu zilizokufa tu. Ukisema haujarudi kumbe umerudi, unaendelea kumpa dawa iliyoshindwa huku muda wa kujaribu kitu kingine unayoyoma. Makosa yote mawili yana gharama, na hakuna linaloweza kurekebishwa kwa kuomba radhi.

Karabai kwenye giza

Tiba ya nyuklia inaingia hapo kwa kubadilisha swali. Badala ya kuuliza "wapi panavuja?", inauliza "wapi panakula?". Unamchoma mgonjwa chakula cha seli kilichobandikwa atomu inayotoa mionzi, unasubiri, halafu mashine inahesabu mionzi inatoka wapi.

Chakula maarufu ni FDG, ambayo ni glukosi iliyobandikwa florini-18. Na hapa kuna kipande cha historia ninachokipenda. FDG ya kwanza kuchomwa binadamu, Agosti 1976, ilitengenezwa maabara ya Brookhaven karibu na New York, ikapakiwa ndege ndogo na kukimbizwa Philadelphia kabla haijaisha nguvu. Na kiungo walichokuwa wanakitaka kilikuwa ubongo. Leo FDG inajulikana kwa saratani za mapafu, matezi na kadhalika, lakini ilianzia kichwani. Mwaka 1982 watafiti wa taasisi ya afya ya Marekani, NIH, walikuwa tayari wanachapisha kuhusu kuitumia kutofautisha uvimbe uliorudi na tishu zilizokufa kwa mionzi. Yaani swali la mgonjwa wetu lina zaidi ya miaka arobaini.

Kwa nini basi halijaisha? Kwa sababu ubongo wenyewe ni mlafi wa sukari. Una asilimia mbili hivi ya uzito wa mwili na unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ukichoma FDG, ubongo mzima unawaka. Wavuvi wa dagaa huku wanajua: usiku wa giza karabai moja inaonekana kutoka mbali sana (siku hizi ni taa za betri, lakini jina la karabai halijafa). Sasa iweke karabai hiyohiyo katikati ya Kariakoo saa mbili usiku uone kama utaitambua. Uvimbe mdogo ulioegemea gamba la ubongo kwenye picha ya FDG ni karabai ya Kariakoo. Juu ya hapo, seli za kinga zilizokuja kusafisha uharibifu wa mionzi nazo zinakula sukari vizuri tu.

Ndipo wakaja na wazo la kubadilisha chakula. Asidi amino ni matofali ya kujengea protini. Ubongo wa mtu mzima uliotulia hauchukui nyingi, lakini seli za glioma zina milango mingi ya kuziingiza, na milango hiyo hufanya kazi hata pale ambapo mishipa haijaanza kuvuja. Giza la bahari linarudi na karabai inaonekana. FET ni mojawapo, asidi amino ya tairosini iliyobandikwa florini-18. Kuna methionini yenye kaboni-11, na kuna FDOPA. Mwaka 2016 RANO na chama cha Ulaya cha saratani za ubongo walitoa mapendekezo ya pamoja kwamba, kwa gliomas, asidi amino ni bora kuliko FDG. Mwaka 2024 wakaenda mbele zaidi wakatoa vigezo vya kusoma matokeo ya tiba kwa PET yenyewe, chini ya jina PET RANO 1.0, kwenye Lancet Oncology. Kwa hiyo makala ya Galldiks na wenzake haiko peke yake jangwani. Ni tofali moja kwenye ukuta ambao umeendelea kujengwa.

Walichofanya, na kilichonikwama

Walichukua wagonjwa 22 wa glioblastoma ambao MRI ilionyesha eneo jipya linalong'aa au la zamani lililokua, ndani ya wiki 12 baada ya kumaliza mionzi na temozolomaidi. Wote wakapigwa FET PET. Baadaye ikajulikana kwamba 11 walikuwa na ukuaji wa kweli na 11 bandia. Kipimo chao kikuu ni uwiano: sehemu inayowaka zaidi kwenye uvimbe igawanywe kwa ubongo wenye afya wa upande wa pili. Walipotafuta mstari wa kugawa makundi mawili, wakaupata kwenye 2.3. Chini ya hapo bandia, juu ya hapo kweli. Kati ya watu 22, mmoja tu akaangukia upande usio wake. 21 kati ya 22, hiyo ndiyo asilimia 96 waliyoripoti.

Nipongeze kwanza. Swali lao ni finyu na ni lile ambalo daktari analiuliza siku ya kliniki. Hawakuchanganya wagonjwa wa wiki ya nane na wa mwaka wa tatu kama makala nyingi za fani hii zinavyofanya ili kukuza idadi. Dirisha la wiki 12 ndilo lenye kizunguzungu, na wao wameingia humo humo. Wangeweza kuzoa wagonjwa wa kila aina wakapata 80 na jedwali la kuvutia, na wangekuwa wamejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ila sasa tuhesabu. Uwezo wa asilimia 100 upande mmoja maana yake ni watu 11 kati ya 11. Uwezo wa asilimia 91 upande wa pili ni watu 10 kati ya 11. Ukifanya hesabu ya kawaida ya takwimu, 11 kati ya 11 inapatana na uwezo wa kweli wowote kuanzia kama asilimia 72 kwenda juu. Na 10 kati ya 11 inapatana na chochote kati ya asilimia 59 na karibu 100. Asilimia 59 ni afadhali kidogo ya kurusha shilingi. Sisemi kwamba kipimo ni kibovu kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba watu 22 hawatoshi kukuambia kama ni kibovu kiasi hicho au la. Mgonjwa mmoja zaidi akiangukia upande mbaya, 96 inakuwa 91. Wawili, 86.

Kinachonisumbua zaidi ni mstari wenyewe. Hiyo 2.3 haikuwekwa kabla, ilitafutwa ndani ya watu walewale 22, wakachagua inayogawa vizuri zaidi, kisha wakaripoti jinsi ilivyogawa vizuri. Ni kama fundi anayemshonea mtu kanzu kwa kumpima, halafu anatangaza kwamba kanzu zake huwakaa watu. Imemkaa huyo. Ya kupeleka sokoni itapimwa kwa mwingine. Njia hii ni halali kwa utafiti wa mwanzo, kila mtu anaifanya, nami nimeifanya kwenye tasnifu yangu. Lakini namba inayotoka hapo kwa kawaida huwa tamu kuliko itakayopatikana kwa wagonjwa wapya, na msomaji anayekuta "96%" kwenye muhtasari haonyeshwi hilo.

Tena 2.3 siyo kipimo cha urefu. Inategemea umepiga picha dakika ngapi baada ya sindano, mashine yako inaona vitu vidogo kiasi gani, na nani alichora duara la ubongo wenye afya, akalichora wapi. Hata kifafa cha karibuni kinaweza kuwasha sehemu ya ubongo kwenye FET. Mtu mwenye 2.2 na mwenye 2.4 wamekaa pande mbili za mstari, lakini mwili wa mmoja na wa mwingine huenda haujui chochote kuhusu huo mstari.

Halafu kuna jambo ambalo makala haikukusudia kulijibu, ila wanaoisoma hulijibia. Katika kundi lile nusu walikuwa bandia. Hebu tuchukue kipimo cha kufikirika kinachokosea mtu mmoja kati ya kumi kwa kila upande. Wapime watu 100 ambao nusu yao uvimbe umerudi kweli. Kipimo kitawaambia 50 kwamba ni bandia, na kati yao watano watakuwa wamedanganywa. Moja kati ya kumi, sawa. Sasa kichukue kipimo hichohicho ukapime watu 100 ambao 80 kati yao uvimbe umerudi kweli, kwa mfano wagonjwa ambao mionzi waliimaliza zamani na kizingizio cha ukuaji bandia wa mapema kimeshapita. Kitawaambia 26 kwamba ni bandia, na 8 kati yao kinawadanganya. Karibu theluthi. Mashine haijabadilika hata skrubu moja, waliobadilika ni watu walioingia mlangoni. Kwa hiyo jibu la PET bila kujua tarehe ya mwisho ya mionzi ni jibu la nusu, na hili halihitaji fizikia yoyote, ni hesabu za sekondari.

Mwisho wa lawama zangu, ukweli ulijulikanaje? Kwa tafiti za namna hii kuna njia mbili, kukata kinyama au kusubiri uone mgonjwa anaendaje. Kinyama kikikatwa pembeni ya eneo lenyewe kinaweza kukosa, na mara nyingi kwenye ubongo uliopigwa mionzi utakuta seli za saratani na tishu zilizokufa vimekaa pamoja kama wali na nazi. Mgawanyo wa "kweli" na "bandia" tunaulazimisha sisi kwa sababu daktari lazima aamue moja. Namba inayopima jinsi tulivyopatia mgawanyo huo haiwezi kuwa safi kuliko mgawanyo wenyewe.

Kwetu tunaulizia mashine

Habari za afya ukanda wetu huhesabu mashine. Hospitali fulani imepata PET, ya kwanza, ya pili, ya kisasa kuliko zote. Aga Khan ya Nairobi inayo pamoja na saiklotroni yake, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo. Serikali yetu imewekeza fedha nyingi kwenye jengo la PET na saiklotroni pale Ocean Road. Hizi ni habari njema na sina kinyongo nazo, kwa mgonjwa wa saratani ya matezi au ya mapafu ni tofauti ya mbingu na ardhi. Lakini mvuvi wetu wa Jibondo hahitaji tu PET. Anahitaji PET yenye chakula sahihi ndani ya sindano. Ukimchoma FDG umempeleka Kariakoo. Sijawahi kuona habari ya gazeti ikiuliza: mtatengeneza dawa gani humo ndani?

Na hilo swali lina majibu ya hesabu. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Dawa iliyotoka saiklotroni Nairobi ikachukua saa nne mlango kwa mlango hadi Dar, ndege na foleni za uwanja zikiwemo, hufika ikiwa na asilimia 22 ya nguvu yake. Inauma ila inafanyika, ndiyo maana ile ndege ya 1976 iliwezekana. Kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20. Kwa saa hizohizo nne imepungua nusu mara 12, imebaki moja ya 4,096. Kwa hiyo methionini ya kaboni-11 ni ya wenye saiklotroni ukuta kwa ukuta, na FET inaweza kusafiri. Anayepanga huduma ya uvimbe wa ubongo Afrika Mashariki inabidi aanzie kwenye tofauti hiyo kabla hajaulizia bei ya mashine. Saiklotroni ya kutoa florini-18 ikishakuwepo, kutoka FDG kwenda FET kunahitaji vifaa vya ziada vya kemia, watu waliosomea, na vibali. Siyo mashine nyingine ya mabilioni.

Kuna pia njia ya maskini, na siisemi kwa dharau. Kamera ya gama, inayopiga picha za SPECT, Ocean Road imekuwa nayo muda mrefu kwa ajili ya mifupa, koo na kazi nyingine. Inatumia teknetiamu-99m, ambayo hupungua nusu kila saa sita na hukamuliwa kutoka kwenye kinachoitwa jenereta. Siyo jenereta ile ya umeme. Ni kichupa chenye molibdeni-99 ndani ya ngao ya risasi, kinachoendelea kuzaa teknetiamu wiki nzima. Ukiibandika kwenye dawa inayoitwa MIBI, ambayo wataalamu wa moyo wanaifahamu sana, unapata kitu kisichoingia kwenye ubongo wenye afya lakini kinachoingia kwenye uvimbe hai. Tangu miaka ya 1990 watu wameijaribu kwa swali hilihili la uvimbe uliorudi. Ina kasoro zake: haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita moja hivi, koroidi pleksasi katikati ya ubongo inawaka yenyewe kila mara na kumchanganya msomaji wa picha, na kuna uvimbe wenye pampu zinazoitapika dawa nje. Na haijibu swali la nani amepona. Lakini giza lake ni giza kweli, na malighafi yake inafika nchini bila saiklotroni.

Njia ya tatu ni kusubiri na kurudia MRI baada ya wiki kadhaa. Vitabuni imeandikwa kama vile haina gharama. Kwa mtu wa Masaki haina. Kwa mtu wa Jibondo, kurudia MRI ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, siku kadhaa za kulala kwa ndugu, bahari ikikubali, na wakati wa kusi bahari haikubali kila siku. Wengine wakishaambiwa "rudi baada ya wiki nane" wanaelewa "hakuna la kufanya", na hawarudi. Makala kama ya Galldiks haiwezi kulaumiwa kwa hilo, iliandikwa Ujerumani kwa wagonjwa wa Ujerumani. Ila mtu anayeinukuu hapa kwetu anapaswa kujua kwamba thamani ya jibu la leo badala ya jibu la wiki nane ni kubwa zaidi kisiwani kuliko Köln. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo hoja bora ya kuleta asidi amino nchini, bora kuliko hiyo asilimia 96.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakigharimu fedha za wafadhili. Hakuna picha moja, ya MRI wala ya PET, inayosomeka vizuri bila picha iliyopita. Watu wengi wanatunza karatasi ya ripoti na kupoteza CD, au CD inawekwa juu ya kabati na unyevunyevu wa pwani unaimaliza. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, tia CD zote kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, andika kwa kalamu tarehe ya siku ya mwisho ya mionzi, na andika kama siku ya kupigwa picha alikuwa anatumia dexamethasone na kiasi gani. Dawa hiyo hupunguza mvujo. Mgonjwa anayeitumia anaweza kuonekana amepona kwenye MRI wakati uvimbe uko palepale, na akiiacha anaweza kuonekana amezidiwa. Daktari wa mionzi akipewa hayo mambo mawili atajua zaidi kuliko akipewa mashine mpya bila hayo.

Kwa wanaotafuta mada ya tasnifu: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa glioma MOI, wakapata mionzi Ocean Road, MRI ikaleta utata. Wapigwe SPECT ya MIBI, mstari wa kugawa uwekwe kabla ya kuangalia matokeo, anayesoma picha asiambiwe hali ya mgonjwa, kisha wafuatiliwe miezi sita hata kwa simu. Hata wakipatikana 22 tu, watakuwa 22 wetu, na tutaandika pembeni ya kila asilimia ni watu wangapi kati ya wangapi. Kama uko MUHAS na umeshaanza kitu kinachofanana na hiki, niandikie hapo chini. Nina maswali mengi kuhusu hiyo koroidi pleksasi.